Madoa ya Mafuta

Chini ya boriti za baraza yetu, Kibokoni,
nyigu wamening'iniza nyumba ya karatasi
ndogo kuliko kawa,
na dada yangu Barke anataka kuichoma.
Namwambia, ngoja. Nipe wiki mbili.
Ananipa, kama alivyonipa kila kitu,
huku akisonya.

Mchana niko maabara, Tudor.
Nawapasua mmoja mmoja juu ya barafu.
Ubongo ni punje ya ufuta, nautoa kwa kibano;
ovari ni nyuzi tatu kushoto, tatu kulia:
za mama zimejaa mayai kama shanga za kiunoni,
za mabinti nyembamba, tupu.
Jeni ni zilezile.
Hapo ndipo kila mgeni huniuliza,
sasa tofauti yao ni nini?

Nawajibu kwa daftari la marehemu mama,
la mapishi, jalada la buluu,
limeshonwa upya kwa uzi wa viatu.
Ukilishika tu, hujui alipika nini.
Tazama madoa.
Ukurasa wa biriani umelowa samli hadi wino umevuja,
wa mkate wa sinia unanata,
wa halua uko safi: halua tulinunua.
Na kazi yangu ndiyo hiyo. Sikisomi kitabu cha nyigu,
nahesabu madoa:
jeni gani imefunguliwa leo, mara ngapi,
na homoni gani ilikuja kufunua
na vidole vyenye mafuta.

Kuna nyigu mfinyanzi, yule mpweke,
ajengaye chungu cha udongo
kwenye fremu ya dirisha la choo.
Huyo hana dada.
Homoni ikipanda, mayai huiva, hutaga.
Ikishuka, huwinda viwavi, awashindilie wanawe.
Leo mzazi, kesho yaya,
zamu mbili, mwili mmoja.
Hatuna hakika, lakini baadhi yetu tunadhani
jamii ilianza hapo:
hakikuumbwa kitu kipya,
siku za mwanamke mmoja zilikatwa vipande viwili,
kipande akapewa dada mmoja,
kipande mwenzake.

Nilipofika hapo nikimweleza Barke, nilikoma.
Alikuwa akimchana nywele Salha,
binti niliyemzaa mimi, akamlea yeye.
Chanuo likasimama.
"Na hao vibarua," akasema, "waliulizwa?"

Siku ya tisa nilimwondoa malkia.
Nilimtia chupani, nikaandika tarehe.
Waliobaki walisukumana siku mbili, antena kwa antena,
kisha mmoja, mwenye bawa lililochanika,
akaacha kwenda kuwinda.
Alikaa katikati ya nyumba
akiusubiri mwili wake.
Wiki mbili za Barke zilikwisha, hakuichoma.
Siku ya kumi na saba nikaliona yai,
jeupe, limegandishwa kwenye ukuta wa chumba,
dogo kuliko chenga ya mchele.

Niliingia ndani mbio, nimwite aje aone.
Jiko baridi.
Funguo juu ya friza.
Salha, mdomo umejaa mkate, akasema:
Mama Barke kachukua begi jekundu, kavuka Likoni,
kasema mbaazi zimerowekwa.

Zilikuwa zimerowekwa kweli.
Zimefura, zinamtosha kila mtu.

Nikafungua daftari kutafuta zinavyopikwa.
Kurasa zikashikana, zikaniachia harufu ya iliki,
nikafunua kupita kiasi, hadi mwisho,
na pale, kwa mwandiko wa Barke,
ukurasa nisiowahi kuuona:
Keki ya harusi, ngazi tatu, maji ya waridi.
Hauna doa hata moja.
Tarehe yake ni ya mwaka niliozaa.

Nikarudi nyuma, moja moja, hadi kwenye mbaazi.
Mikono yangu ilikuwa mikavu.